Nani Aliichoma Pugu? Makanisa na Njia za Miguu katika Vilima vya Uzaramo

Anayepanda vilima vya Pugu kwa miguu, akapita Kituo cha Hija na kushika njia ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi kuelekea Kisarawe, aghalabu husimuliwa habari ya wamisionari waliouawa pale tarehe 13 Januari 1889. Habari hiyo huletwa kwa ufupi sana. Waarabu wauza watumwa, inasemekana, waliuchukia Msalaba, wakaja usiku wa ujinga wao kuwaua watu wa Mungu. Mahujaji huipokea hivyo, na watembezi waliofuata ndege na mapango ya popo huipokea hivyo pia. Mimi siipokei. Waliouawa walikufa kweli na wanastahili kuombewa, lakini maelezo ya kifo chao yamebaki yale yale waliyoyapenda watawala wa Kijerumani, na miaka zaidi ya 130 imepita.

Vilima vyenyewe si virefu, havifiki mita 400, ila ukitoka kwenye joto la Dar es Salaam unaona tofauti ya hewa mara tu unapopita Gongo la Mboto. Wageni wa Kizungu walivipenda kwa sababu hiyo: waliogopa homa ya pwani, wakaamini mwinuko ungewaponya. Wenyeji ni Wazaramo, ambao masimulizi yao yanamtaja Pazi Kilama aliyetoka bara na kuwafukuza Wakamba waliotishia pwani. Hayo yanafahamika, nami sitayarudia.

Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililoanzishwa na Andreas Amrhein mwaka 1884, walifika Pugu mwaka 1888. Huo ndio mwaka wa kuutazama kwa makini. Mwezi Aprili Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti watu wa Kampuni wakaanza kutwaa forodha na kupandisha bendera yao, na kule Pangani walifanya hivyo kwa ubabe uliowaudhi hata waliokuwa tayari kuelewana nao. Septemba pwani ikawaka moto. Desemba manowari za Ujerumani na Uingereza zikaanza kuzuia majahazi, na baadhi ya watumwa waliotolewa humo walikabidhiwa misheni. Januari Dar es Salaam ikashambuliwa, na Pugu ikafuata. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing waliuawa. Wengine walichukuliwa mateka, wakaachiwa baadaye kwa fidia.

Kama shabaha ilikuwa Msalaba, basi Bagamoyo ingepaswa kuanguka kwanza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa pale tangu 1868, wakiwa na kanisa, mashamba na kijiji kizima cha watumwa waliokombolewa. Bushiri bin Salim, kiongozi wa maasi hayo ya pwani, alipigana vita kuzunguka mji huo huo. Misheni hakuigusa. Maelfu ya wakimbizi walijificha ndani ya eneo lake, na mapadre wake walikuwa miongoni mwa waliojadiliana na Bushiri juu ya mateka wa Pugu. Dini ilikuwa ile ile ya Kikatoliki, na kazi ya kukomboa watumwa ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba mapadre wa Bagamoyo walikuwa wamekaa miaka 20 wakifahamiana na watu, na wengi wao walikuwa Wafaransa. Wale wa Pugu walikuja pamoja na Kampuni, mwaka ule ule, kwa lugha ile ile, na kwa macho ya Mzaramo hawakuweza kutenganishwa nayo.

Wapo wanaosema kwamba biashara ya watumwa ndiyo iliyokuwa kiini. Siikatai kabisa, wako waliopoteza mali kwa majahazi kukamatwa, nao walikuwa na sababu ya hasira. Lakini jeshi la Bushiri halikuwa la Waarabu peke yao. Walikuwamo majumbe wa mji, vibarua, wapagazi, watu wa vijijini, na watumwa wenyewe. Anayetaka kuisikia vita hiyo kwa kinywa cha Mswahili, ausome utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, uliochapwa mwaka 1955. Ni wa upande wa Pangani, na anayeusoma anapata kilio cha watu walioporwa utawala wa nchi yao. Inasikitisha kwamba kitabu hicho hakitajwi kamwe katika mazungumzo ya Pugu.

Kamanda wa Kijerumani Wissmann alianza kushambulia na askari wake Mei 1889, na tarehe 15 Desemba Bushiri akanyongwa Pangani. Ndipo makanisa yakaweza kurudi vilimani. Mwaka 1892 Johann Jakob Greiner, Mlutheri wa misheni ya Berlin aliyekuwa Dar es Salaam tangu 1887, alifungua kituo Kisarawe, na mwaka 1895 kikafuata cha Maneromango, kusini zaidi. Hao wa kwanza kukaa Kisarawe na Greiner wengi walikuwa watumwa waliokombolewa. Wazaramo waliowazunguka walibaki Waislamu kwa sehemu kubwa, na wamebaki hivyo hadi leo. Asiyeona jibu katika hilo hataki kuliona.

Mmisionari mmoja alilisikiliza jibu lao. Martin Klamroth, aliyeongoza kazi ya Walutheri Uzaramo, aliandika makala ndefu juu ya imani za Wazaramo, ikachapishwa Ujerumani miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji. Wanahistoria wa Maji Maji wanaijua, watu wa Kisarawe hawaijui. Humo kuna habari za Kolelo, mzimu mwenye pango katika milima ya Uluguru, na jinsi mwaka 1905 ilivyovuma Uzaramo kwamba Kolelo amekataza kuwalipa kodi wageni. Serikali ilikuwa imewalazimisha watu wa wilaya ya Dar es Salaam kulima pamba siku 28 kwa mwaka katika mashamba ya pamoja, na malipo ya kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu. Wengi walikataa hata kuzipokea. Kibasila wa Uzaramo aliigomea pamba hiyo na alinyongwa. Jina lake liko kwenye shule ya sekondari Dar es Salaam, ilhali huku kwao mtembezi anaweza kupita njia zote bila kulisikia.

Mambo ya baadaye yanajulikana zaidi. Minaki, karibu na Kisarawe, ilipokea chuo cha Waanglikana kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, mpaka Machi 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa. Kibaha nayo ni mji wa juzi: nchi za Nordiki zilianza mradi wake wa elimu, afya na kilimo mwaka 1963 na kuukabidhi Januari 1970.

Ninachoomba ni kidogo. Jimbo Kuu la Dar es Salaam, Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Walutheri, Halmashauri ya Kisarawe na wahifadhi wa msitu wanapoweka vibao na kufundisha waongozaji, waandike 1888 kabla ya 1889. Waitaje Kampuni na mkataba wa Aprili. Waitaje misheni ya Bagamoyo ambayo haikuguswa. Majina ya Michl, Kantwerk na Wansing yabaki mahali pake, na jina la Kibasila liwekwe kwenye njia hiyo hiyo. Nawe msomaji, ukitoka Pugu baada ya sala au matembezi, usigeukie mjini. Endelea mpaka Kisarawe, kisha Maneromango, ukawaulize wazee wa huko walichosikia kwa babu zao.