Hakuenda Harvard, Lakini Hakuacha Kusoma

Wasee, tangu niachane na kampasi naambiwa kila siku: "Vitabu ni za nini? Kazi ni mikono." Niliamini hivyo mpaka siku niliyochoma kisu cha lethi kwa karakana ya mjomba. Nilidhani kukata chuma haraka ni kuzungusha mashine mbio tu. Moshi ukatoka, makali yakaisha. Mjomba hakunifokea. Aliuliza tu, "Hiyo spidi uliipata wapi?" Nikanyamaza.

Kuna jamaa alitafuta jibu la hilo swali miaka 26. Frederick Winslow Taylor alipita mtihani wa kuingia Harvard lakini hakuenda, macho yalimsumbua. Mwaka wa 1874 akaanza kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha pampu Philadelphia, Marekani. Baadaye, kwenye kiwanda cha chuma cha Midvale, aliona kila fundi anakadiria spidi kivyake. Mwaka wa 1880 akaanza kupima. Alidhani miezi 6 itatosha.

Mbona ikachukua muda hivyo? Spidi ya kukata si mizunguko ya mashine, ni mwendo wa chuma kikipita kwenye kisu. Mizunguko ikiwa sawa, chuma kinene kinapita mbio kuliko chembamba. Ongeza ugumu wa chuma, kina cha mkato, umbo la kisu, maji ya kupoza. Taylor alihesabu mambo 12, na yote yanagusana.

Adui mkubwa ni joto, maana hulainisha kisu. Pale Bethlehem, yeye na Maunsel White walipasha visu vya aloi mpaka karibu kuyeyuka, na vikaweza kukata hata ncha ikiwa nyekundu. Mwaka wa 1900 vilionyeshwa Paris, watu wakashangaa. Mwaka wa 1906 akachapisha matokeo yote.

Lakini hadithi iko na upande mwingine. Carl Barth, mwenzake, alitengeneza rula ya kukokotoa spidi, na hesabu ikahamia ofisini. Fundi akabaki kupewa spidi kwa karatasi na kupimwa kwa saa. Mwaka wa 1911 mafundi wa Watertown waligoma wakipinga hiyo mbinu.

Ndio maana siku hizi napinga hiyo ya "kazi ni mikono." Usipojua hesabu ya kazi yako, mwenye anaijua ndiye atakupangia spidi. Taylor mwenyewe alisomea nyumbani akapata digrii ya uhandisi mwaka wa 1883. Mimi niliacha kampasi, sawa. Lakini sai nikienda kwa mjomba, nabeba daftari.