Sauti moja na bendi nzima: santuri ya Virunga na barabara ya Malaba

Wapenzi wa jazi wanapotaja albamu za mwimbaji mmoja aliyesimama mbele ya bendi kubwa, huanza na Ella Fitzgerald na Frank Sinatra, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walirekodi kila mmoja na bendi ya Count Basie. Afrika Mashariki nayo ina albamu ya namna hiyo: kazi ya Samba Mapangala na Orchestre Virunga iliyorekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye wimbo Malako, na iliyotolewa upya Uingereza mwaka 1990 kwa jina la Virunga Volcano. Waandishi wengi huihesabu kuwa tawi la Kinshasa. Mimi naona ni zao la barabara ya Kampala hadi Nairobi, na kwamba miji ya mpakani ya Malaba na Busia inastahili kutajwa katika historia yake.

Mapangala alizaliwa Matadi, akaanzia muziki Kinshasa, kisha katikati ya miaka ya 1970 akaelekea mashariki hadi Kampala na wenzake wa bendi ya Les Kinois. Mwaka 1977, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, wakahamia Nairobi. Mwanamuziki aliyeko ugenini hana mtaa wa kumbeba, na wasikilizaji wake hawaijui lugha anayoimbia. Kitakachomlisha ni sauti inayotambulika na bendi inayojua kuchezesha watu. Alipounda Virunga, jina la mwimbaji lilitangulia na la bendi likafuata, na nyimbo nazo zimejengwa vivyo hivyo: sauti nyororo ya juu inatoa habari bila haraka, saksafoni zinaijibu, kisha magita yanachukua uwanja na besi haipumziki. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Najua kuna atakayepinga kwamba hiyo ni rumba, na kwamba saksafoni chache hazifikii safu ya matarumbeta ya Basie. Kwa idadi ya vyombo, pingamizi hilo ni la haki. Lakini kwetu neno jazi lilikwisha kupata makao katika bendi za dansi: OK Jazz ya Kinshasa tangu 1956, Morogoro Jazz, Western Jazz ya Dar es Salaam, Shirati Jazz ya D. O. Misiani. Kinachofanya albamu iwe ya mwimbaji na bendi ni mgawanyo wa kazi kati ya koo na vyombo, na Virunga waliumudu kikamilifu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpakani watu hupita tu, kwa hiyo Malaba haikuchangia kitu zaidi ya muhuri wa pasipoti. Hapa sikubali. Waiteso wa Amagoro wana ndugu zao Tororo ng'ambo ya mpaka. Waluhya wa Busia nao wana wao upande wa pili. Sokoni, Kiswahili ndicho huwakutanisha na madereva wa malori na wafanyabiashara. Hadhira ya namna hiyo ndiyo iliyotandaa katika barabara nzima hadi Nairobi, na ndiyo inayoeleza kwa nini Mapangala, aliyekuja na Kilingala, aliimba pia Kiswahili katika nyimbo kama Vunja Mifupa na Dunia Tunapita. Mwaka 1980 redio ya taifa ya Kenya ilipojaribu kuubana muziki wa kigeni, agizo halikudumu. Wasikilizaji walikwisha kuufanya muziki huo kuwa wao.

Santuri za enzi hiyo zinaharibika kwa unyevu na vumbi. Aliye nazo Amagoro, Malaba au Busia azihifadhi pamoja na majalada yake, na serikali ya kaunti izitafutie chumba katika maktaba zake kabla hazijaishia jaani.