Nani Alisema Sungura Hanywi Maji?

Mama yangu alikuwa na ufagio mdogo wa nyasi uliokuwa na kazi moja tu: kufagia chini ya banda la sungura. Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, alikusanya mavi ya usiku na kuyatazama mkononi. Yakiwa mengi, ya mviringo, makubwa kama mbaazi, na yakivunjika yakaonyesha nyuzi za majani, aliendelea na shughuli zake. Yakiwa madogo, meusi na magumu, aliniita nilete maji. Na kama chini ya kizimba hakuna kitu, siku hiyo hakwenda shamba.

Desturi hiyo hakuirithi kwa bibi. Ilizaliwa nyumbani kwetu Kaniha, wilaya ya Biharamulo, katika kiangazi cha mwaka 1984, na ilizaliwa kwa msiba.

Sungura wa kufugwa ni mgeni kwetu. Yule mjanja wa hadithi, anayemshinda Fisi kila jioni, ni kititi wa porini, na majirani zetu wa Rwanda humwita Bakame. Wa bandani ni mnyama mwingine kabisa, na hawazaliani. Asili yake ni Rasi ya Iberia, huko Ulaya, na huku alifika pamoja na Wazungu. Kititi huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Sungura wa banda huzaa vitoto vitupu, vipofu, ndani ya kiota cha manyoya ya mama yao. Lakini kwa kuwa tuliwaita wote sungura, tulimfuga mgeni kwa sifa za mwenyeji. Tulisema: wa porini nani amemwona mtoni? Basi sungura hanywi maji, umande wa majani unamtosha.

Katika nchi kama yetu mnyama mdogo alikuwa na maana. Biharamulo ilikuwa nchi ya mbung'o, ambaye sisi tunamwita ndorobo. Aliua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, hata katika miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza ikawahamisha watu na kuwakusanya pamoja ili kuwatenga na mapori yake. Kwa nyumba iliyopakana na pori, kitoweo cha uhakika kilikuwa kile kinachokaa karibu na jiko: kuku, mbuzi wawili watatu, na baadaye sungura, ambaye haendi malishoni na huzaa baada ya siku 31 tu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, iliingiza miradi ya mifugo midogo shuleni, na mimi nilimkuta sungura hapo, shuleni. Mwalimu wetu alinipa jike na dume, nikawabeba nyumbani ndani ya kikapu.

Mvua ziliponyesha waliongezeka mpaka wakafika kumi na wanne. Tuliwapa matembele, mchunga na majani ya mahindi, yote mabichi, na maji ya majani hayo yaliwasaidia bila sisi kujua. Ukaja mwezi wa saba. Majani yakakauka, tukaanza kuwapa nyasi kavu na pumba. Kwanza waliacha kula. Wakajikunyata pembeni, migongo imepinda, masikio yamelala, macho nusu yamefumbwa. Ukisogeza sikio ulisikia wanasaga meno, na leo najua hiyo ni sauti ya maumivu. Ndani ya siku nane walikufa tisa. Jirani mmoja alisema tumerogwa. Mama alipasua mmoja, akakuta chakula kimekauka tumboni kama tope la kiangazi.

Mwalimu hakubishana na mtu. Alichukua makopo mawili sawa, akayakwaruza ndani kwa msumari na kuyajaza maji mpaka kwenye mstari. Moja aliliweka ndani ya kizimba cha jike mmoja aliyebaki, jingine nje ya kizimba, palepale ubavuni. Asubuhi kopo la nje lilikuwa mstarini. La ndani lilikuwa limebaki nusu. Usiku uliofuata mama alikaa na koroboi, mimi nimejifunika khanga yake, na tulimwona kwa macho yetu: alikuja polepole, akainama, akanywa muda mrefu. Mama alisema kwa sauti ya chini, “Kumbe tulikuwa tunamwua mchana kwa sababu anakunywa usiku.”

Nimelibeba neno hilo miaka arobaini. Mambo mawili makubwa ya tumbo la sungura hutokea wakati ambapo aghalabu hatumwangalii. La kwanza ni kunywa, kazi ya jioni na usiku. La pili ni lile lililowafanya watoto wengi wacheke: sungura hula kinyesi chake. Hali kile kikavu cha asubuhi. Anacho kingine, laini, kilichoshikana kama kishada cha zabibu, nacho hukichukua mwenyewe kwa mdomo kinapotoka, hakigusi sakafu. Majani yanapochachuka katika utumbo wake mpana, vijidudu vyema hutengeneza vitamini na protini, na chakula hicho kinapita mara ya pili. Ukikuta kinyesi laini kimetapakaa sakafuni, jua kuna kasoro: pengine chakula kina wanga mwingi na nyuzi chache, au mnyama anaumwa hawezi kujipinda.

Nyuzi za nyasi ndizo zinazosukuma tumbo hilo, na maji ndiyo yanayolilainisha. Sungura wa kilo 3 huhitaji karibu robo lita au zaidi kwa siku; anayenyonyesha huhitaji mara kadhaa ya hapo. Akikosa maji huacha kula, akiacha kula tumbo husimama, tumbo likisimama hujaa gesi, na yeye hawezi kutapika. Ndiyo maana nusu siku bila choo si jambo la kusubiri kesho.

Kumtambua aliyepungukiwa maji nilijifunza mbali na banda. Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara, na Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya wajenzi wa barabara, pakawa mji. Nilipata kibarua huko wiki sita, kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha. Nilimwona muuguzi akibana ngozi ya tumbo la mtoto na kuiachia. Ikichelewa kurudi, alijua maji yamemwishia mwilini. Simfananishi mtu na mnyama. Nasema tu kwamba nilirudi nyumbani na somo ambalo sikuwahi kulipata darasani. Tangu hapo sungura akizubaa nabana ngozi ya shingoni, nashika fizi nione kama zinanata. Kisha nachanganya lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nampa kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo. Tumbo likiwa gumu kama ngoma simlazimishi. Nambeba kwa afisa mifugo.

Somo jingine nililipia kwa sungura watatu. Vitoto viliharisha baada ya kuachishwa ziwa, muuzaji wa dawa akanipa vidonge vya amoksilini vya binadamu, nami nikavipasua nikawanywesha. Dawa za jamii ya penisilini zikimezwa na sungura huua vijidudu vyema vya tumbo, vibaya vikashika nafasi. Walikufa wote. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa koksidiosisi, unaoenezwa na kinyesi katika sakafu iliyolowa, na dawa yake ni ya salfa, kwa kipimo cha mtaalamu. Kinga ya kuharisha mama alikuwa nayo tangu zamani: sakafu ya fito zilizoachana, mavi yaanguke chini, majani yanyaushwe kwanza, na chakula kipya kichanganywe na cha zamani kwa siku kadhaa.

Mama amekwisha kufariki. Vijana wa hapa wanaofuga wananijia, “Shikamoo Mwalimu, sungura wangu amezubaa.” Siwaulizi kwanza wamempa nini. Nawauliza kuna nini chini ya banda asubuhi hii, na kopo la jana jioni limebaki wapi. Wengine bado hunijibu kwamba sungura hanywi maji. Hao nawapa makopo mawili na msumari.