Kioo cha Volkeno na Maji

Kioo cha volkeno ni magma iliyopoa upesi mno hata fuwele zikakosa muda wa kuumbika. Obsidiani nyeusi ni kioo cha namna hiyo. Ndivyo ilivyo pumisi, jiwe jepesi linaloelea majini, na sehemu kubwa ya majivu ya volkeno.

Mji wa Songea, kusini mwa Tanzania, hauna volkeno. Zilizo jirani ziko kaskazini-magharibi, katika milima ya Rungwe mkoani Mbeya, kwenye ncha ya Ziwa Nyasa. Majivu yake yamekutwa ndani ya matope ya sakafu ya ziwa hilohilo linalopiga mawimbi Mbamba Bay, mkoani Ruvuma.

Maji hulipua magma kwa njia mbili, na Rungwe inazo zote. Njia ya kwanza hutoka ndani. Magma iliyo chini sana hubeba maji yaliyoyeyuka humo. Ikipanda, mgandamizo hupungua, maji hugeuka mvuke na magma yote huumuka. Mlima Rungwe ulilipuka hivyo miaka 4,000 hivi iliyopita, ukamwaga pumisi pande zote. Vunja kipande chake ukitazame kwa lenzi: ni vitundu vitupu, vilivyotenganishwa na kuta nyembamba za kioo.

Njia ya pili hutoka nje. Kusini mwa Tukuyu liko Ziwa Masoko, lililojaa kwenye kasoko ya karibu duara kamili. Kasoko za aina yake huchimbwa pale magma inapokutana na maji ya ardhini: maji yakichemka na kuwa mvuke kwenye mgandamizo wa kawaida, ujazo wake huongezeka mara 1,700 hivi. Kasoko za Katwe, Uganda, zilizaliwa vivyo hivyo. Kioo cha milipuko ya namna hii hupoa ghafla, kikapasuka vipande vya pembe kali, vingi vikiwa na vitundu vichache.

Kuna jambo linalowatatiza wanaopima maji yaliyomo ndani ya kioo, na ndilo linalovutia kuliko yote. Kioo kikishalala ardhini huendelea kunywa maji ya mvua polepole, karne kwa karne. Tangu 1960 wanaakiolojia wamelitumia tabaka la nje la kioo lililokunywa maji hivyo kukadiria umri wa zana za obsidiani. Basi maji yaliyolipua mlima huchanganyika na maji ya baadaye. Mwanga wa infraredi husaidia kuyatenganisha: maji yanayoingia kwenye kioo baridi kwa sehemu kubwa hubaki yakiwa molekuli kamili, ilhali sehemu ya maji ya magma imefungwa kwenye kioo kwa umbo la haidroksili.