Kutoka Kitabu cha MTUHA: Wanafunzi wa Kompyuta na Programu Huria Nchini Tanzania

Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu kando ya barabara ya TANZAM, ni lango la Mkoa wa Iringa kwa msafiri atokaye Morogoro. Kwa miaka mingi taarifa za afya za vijiji vya huku, kama kwingineko nchini, zilisafiri kwa karatasi. Mhudumu wa zahanati alijaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na mwisho wa mwezi akajumlisha kwa mkono watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria na akina mama waliojifungua. Kisha fomu ikapelekwa wilayani. Ilipochelewa, wilaya ilipanga mambo yake kwa kukisia.

Programu iliyokuja kubeba hesabu hizo, DHIS, ilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, wakati huduma za afya zilizogawanywa kwa rangi zilipohitaji kuunganishwa. Tanzania iliipokea mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo la kwanza lilitolewa bure, lakini lilitegemea Microsoft Access, ambayo lazima inunuliwe. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa lugha ya Java kama programu huria, yaani ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha, na hapo wanafunzi wakapata mlango mpana. Oslo kulikuwa na somo zima ambamo walitengeneza sehemu za programu hiyo. Wale wa uzamili na uzamivu wa Dar es Salaam waliifuata kazi hadi wilayani, vitabu vilikojazwa. Shule hiyo haina mbadala: anayeandika fomu ya kompyuta hujua urefu wake unaofaa akishamwona mhudumu mmoja akiijaza huku foleni ikimngoja. Kufikia mwisho wa 2013 DHIS2 ilikuwa imeenea mikoa yote ya Tanzania Bara.

Marekani nako, Trinity College ya Hartford ilianza mwaka 2006 kuwaingiza wanafunzi katika Sahana, programu iliyoundwa Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004 ili kuwatafuta waliopotea na kuratibu misaada. Mwaka huohuo OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya.

Iringa mjini, chuo kishiriki cha Tumaini, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha mwaka 2007 shahada ya teknolojia ya habari pamoja na wataalamu wa Joensuu, Finland. Mtaala ulitungwa kwa kuangalia mazingira ya Tanzania, na vitendo vikapewa uzito. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani programu ya kuokoa maisha haiandikwi na mtu asiyejua itatumika wapi.

Njia nyingine ya wanafunzi kushiriki ilikuwa ramani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora Tandale, kata ya Dar es Salaam, pamoja na wakazi wake, wakaiweka katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Desemba ya mwaka huo mafuriko yaliua watu jijini humo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwapeleka wanafunzi katika kata nyingi zaidi, wakiandika mitaro, vichochoro na mahali maji yanapotuama, mambo ambayo wakazi waliyajua siku zote bila kuyaona kwenye ramani yoyote.