Siku Tatu Roma

Ukitoka nje ya stesheni ya Termini, Roma, ukiburuta sanduku lako, uwanja unaoukanyaga unaitwa Piazza dei Cinquecento. Uwanja wa Mia Tano. Hao mia tano ni wanajeshi wa Italia waliouawa Dogali, katika nchi ambayo leo ni Eritrea, tarehe 26 Januari 1887. Walikuwa njiani kwenda kuisaidia ngome ya Saati walipozingirwa na jeshi la Ras Alula, na wengi wao hawakutoka hapo wakiwa hai. Habari zilipofika Roma, kushindwa kukageuzwa ushujaa. Kabla mwaka haujaisha, mnara wa jiwe uliochongwa Misri enzi za Ramesses II ulisimamishwa mbele ya stesheni kwa heshima yao.

Kwa hiyo mgeni anayefika Roma kwa treni anaanza likizo yake ndani ya vita vya Afrika Mashariki. Wengi hawajui. Wanatafuta teksi.

Mimi nimeyajua kwa sababu ya ratiba. Pasaka hii ya 2026, mama na mimi tunatoka Nairobi kwenda Torino kwa dadangu, ambaye ameishi Italia miaka kumi na tatu na amelea watoto wawili huko. Ijumaa Kuu si sikukuu ya kitaifa Italia, dadangu atakuwa kazini, kwa hiyo tuna Jumamosi hadi Jumatatu ya Pasaka. Siku tatu, watu watano, Roma. Kazi ya kupanga nimepewa mimi, eti kwa sababu nilisoma historia chuo.

Kila mtu ana lake. Mama anataka Misa ya Papa. Alitaka kwenda Jubilii ya 2025, chama chao cha akina mama kikachanga, lakini pesa hazikufika. Dadangu anataka kupumzika tu. Mtoto mkubwa, wa miaka kumi na mbili, anataka Colosseum. Mdogo, wa kumi, anataka aiskrimu. Halafu kuna ubalozi: ada ya viza ya Schengen ni Euro 90 kwa mtu mzima, na kabla hujapewa lazima uonyeshe utalala wapi, utarudi lini na una ngapi benki. Faili letu limekuwa nene kama la kununua shamba.

Lakini kilichonikalisha chini si faili. Jioni moja kwa simu, yule mkubwa aliniuliza, "Anti, watu weusi walianza kuja Italia lini?" Mwenzake mmoja darasani alikuwa amemwambia kwamba historia ya Roma si yake, wao ni wageni. Mtoto amezaliwa Torino, anaongea Kiitaliano kuliko Kiswahili, na darasa la tano alikariri wafalme wa Roma kama wengine wote. Nilimwambia tutaongea tukifika. Nilitaka kumjibu kwa kumwonyesha.

Ukweli ni kwamba Roma imewapangia wageni ratiba tangu zamani, na kila ratiba ilikuwa na mtu aliyetaka uamini kitu fulani. Mwaka 1300 Papa Boniface VIII alitangaza Jubilii ya kwanza. Mkazi wa Roma aliyetaka rehema alipaswa kuzuru basilika za Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo kwa siku 30, na mgeni kwa siku 15. Watu walikuwa wengi hadi daraja la kuelekea Mtakatifu Petro likagawanywa, wanaokwenda upande huu, wanaorudi upande ule. Dante ameutaja msongamano huo katika kitabu chake cha Jehanamu. Foleni atakayoipanga mama Jumapili asubuhi ina zaidi ya miaka 700.

Ratiba nyingine ilikuja na Mussolini. Kuanzia kiangazi cha 1931, serikali yake iliendesha treni za bei nafuu za wikendi na sikukuu, zikiitwa treni popolari, treni za wananchi. Mfanyakazi ambaye hakuwahi kuiona bahari au mji mwingine aliweza kupakia familia daraja la tatu kwa nauli iliyopunguzwa sana, akatembea siku moja au mbili, akarudi. Ile tabia ya Waitaliano kutoka na familia wakati wa sikukuu, chakula kikiwa kwenye kikapu, ni ya zamani kuliko Mussolini, lakini treni zile ziliifikisha kwa watu wa chini. Halikuwa jambo baya kwa aliyepanda. Swali ni walichoonyeshwa waliposhuka.

Waliofika Roma kuanzia Oktoba 1932 walionyeshwa barabara mpya. Mussolini alibomoa mitaa ya watu waliokuwa wakiishi kati ya Piazza Venezia na Colosseum, akapitisha barabara pana iliyonyooka aliyoiita Via dell'Impero, Barabara ya Dola. Leo inaitwa Via dei Fori Imperiali, na kama umewahi kuona picha ya Colosseum ikiwa mwisho wa barabara ndefu, ndiyo hiyo. Mwaka 1934 ramani nne za marumaru ziliwekwa ukutani kando yake, zikionyesha Roma ikikua kutoka kijiji kuwa dola. Mwaka 1936, baada ya jeshi la Italia kuingia Addis Ababa, ikaongezwa ramani ya tano. Hiyo ilionyesha dola ya Mussolini mwenyewe, Ethiopia ikiwa ndani.

Ramani nne bado zipo. Watalii hupita chini yake kila siku wakienda Colosseum. Ya tano iliondolewa baada ya vita, na pale ilipokuwa hakuna kitu.

Nilipoanza kutafuta ya kumwonyesha mtoto, mapengo kama hilo yaliendelea kuongezeka. Ule mnara wa Dogali, kwa mfano, ulihamishwa miaka ya 1920 hadi kwenye bustani hatua chache kutoka stesheni, na bado uko hapo. Lakini kwa miaka kadhaa ulikuwa na mwenzake. Waitaliano walikuwa wameing'oa Addis Ababa sanamu ya Simba wa Yuda, iliyosimama karibu na stesheni ya reli ya huko, wakaileta kuiweka chini ya mnara wa Dogali. Mwaka 1938 Mweritrea aitwaye Zerai Deres, aliyepelekwa Roma kuwa mkalimani, alipiga magoti kuomba mbele ya simba huyo. Walipomkatiza alichomoa upanga na kupaza sauti dhidi ya ukoloni. Alikamatwa, akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili Sicily, na huko ndiko alikofia mwaka 1945. Simba alirudishwa kwao miaka ya 1960. Hapo chini ya mnara, palipokuwa na simba, leo hutamkuta.

Pengo kubwa zaidi liko Piazza di Porta Capena. Unapanda metro Termini, laini B, unashuka Circo Massimo. Jengo refu jeupe mbele yako ni makao makuu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Lilianza kujengwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika. Mbele yake, mwaka 1937, Mussolini alisimamisha mnara wa Axum, jiwe la kama mita 24 lililochongwa Ethiopia zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Katika mkataba wa amani wa 1947 Italia iliahidi kurudisha mali za Ethiopia ndani ya miezi 18. Mnara ulikaa. Mwaka 2002 ulipigwa na radi ukiwa palepale. Ndege ya mizigo ilianza kuurudisha kwao vipande vipande Aprili 2005, na Septemba 2008 ukazinduliwa tena Axum ukiwa wima. Hapo Roma sasa kuna nguzo mbili za kale, zilizowekwa kuwakumbuka waliouawa Marekani tarehe 11 Septemba 2001. Ukipita bila kujua, hutajua.

Nilimwelezea mama haya yote tukiwa mezani. Akaniangalia.

"Yaani nitoe laki na kitu, nipande ndege, nikaangalie mahali ambapo hakuna kitu?"

Dadangu kwenye simu akacheka. "Mama, mwache, hao ndio watu wa historia."

"Hapana, aniambie. Si vitu vimejaa Roma? Mbona tusione vilivyopo?"

Mama hakosi hoja. Pesa ni zake, na miguu yake ni ya miaka sitini na nane. Vilivyopo pia si mchezo: basilika, Pantheon, chemchemi, magofu ambayo watu husafiri dunia nzima kuyaona. Sikutaka safari ya familia igeuke kuwa mhadhara. Basi nikamuuliza kuhusu kitu anachokijua yeye: lile kanisa dogo la Mai Mahiu.

Kila aliyeteremka bonde kwa ile barabara ya zamani kwenda Naivasha amelipita, liko kando ya lami, dogo kama chumba kimoja. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakifanya kazi kwenye barabara hiyohiyo. Na mateka walifikaje Kenya? Mwaka 1941 King's African Rifles, pamoja na majeshi mengine ya Uingereza, walitoka Kenya wakapigana na Waitaliano Somalia hadi Ethiopia. Vijana wa Kenya walikuwa ndani ya jeshi hilo. Addis Ababa iliwatoka Waitaliano tarehe 6 Aprili 1941, na mwezi uliofuata Haile Selassie akaingia mjini mwake. Maelfu ya Waitaliano waliotekwa waliletwa kambi za huku kwetu.

"Lile kanisa nimelipita tangu nikiwa msichana," mama akasema. "Tulikuwa tunasema tu la Waitaliano."

Ndiyo, la Waitaliano. Lakini hatukuwahi kuuliza walikuwa wakitafuta nini. Walioondoka Roma kwa mbwembwe wakipita barabara ya dola, baadhi yao waliishia kupanga mawe kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Halafu nikamwonyesha kalenda. Jumatatu ya Pasaka mwaka huu ni tarehe 6 Aprili. Miaka 85 kamili. Sikuipanga mimi.

Kuna jambo moja zaidi nililomwambia, na hili mama analipenda kwa sababu anapenda riadha. Tarehe 10 Septemba 1960, marathoni ya Olimpiki ya Roma ilianzia kwenye kilima cha Campidoglio jua likielekea kuzama, na ikaishia usiku kwenye Tao la Konstantino, kando ya Colosseum. Njiani askari walishika mienge ili wakimbiaji waone. Abebe Bikila, askari wa walinzi wa Haile Selassie, alikimbia miguu mitupu. Hadi karibu na mwisho alikuwa bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Njia yao iliwapitisha Porta Capena, na mnara wa Axum ulikuwa bado umesimama pale, miaka 13 baada ya Italia kuahidi kuurudisha. Hapo karibu na mnara ndipo Bikila alipochomoka. Alimaliza kwa saa 2:15:16, rekodi ya dunia, na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Kipande hicho cha mwisho, Via di San Gregorio, ndiko majenerali wa Roma ya kale walikopita na maandamano ya ushindi, mateka wao wakitembezwa mbele ya umati.

Michezo hiyohiyo Nyandika Maiyoro wa Kisii aliikimbilia Kenya mita 5000 akawa wa sita. Kenya ilikuwa bado koloni.

Sasa ratiba imekubaliwa. Jumamosi, treni kutoka Torino, saa nne na ushee, tunashuka Termini. Dakika kumi kwenye mnara wa Dogali kabla ya hoteli, kisha aiskrimu. Jumapili yote ni ya mama: Misa uwanjani, tiketi ni bure lakini huombwa mapema, kisha baraka ya saa sita mchana. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili na Jumatatu ya Pasaka, kwa hiyo tumeyatoa, na mama amesema hakuja kuona sanamu za watu uchi hata hivyo. Jumatatu tunaanzia Piazza Venezia, tunahesabu ramani nne na kutafuta ilipokuwa ya tano, tunaingia Colosseum kwa tiketi zetu, halafu tunashuka hadi Porta Capena.

Pale ndipo nitakapomjibu yule mkubwa. Nitamwambia watu weusi wamo katika historia ya mji huu tangu kabla ya Papa wa kwanza, na kwamba jina la uwanja alioshukia linatokana na vita ambavyo watu wa upande wetu wa Afrika walishinda. Nitamwambia pia kuwa aliyemwita mgeni hakufundishwa, na si kazi ya mtoto wa miaka kumi na mbili kumchukia kwa hilo. Kazi yake ni kujua.

Kutoka Porta Capena hadi Tao la Konstantino haifiki kilomita moja. Watoto wameshasema watashindana, na mdogo anataka kukimbia miguu mitupu. Dadangu anasema kutakuwa na baridi na vipande vya chupa. Mama amesema wamwachie yeye viatu, atavibeba.