Darajani Pasipo Daraja: Historia Fupi ya Ng'ambo

Kabla ya kuhesabu faida za miaka kumi, tumeona ni vyema tukumbushane tulikotoka. Watoto wetu wanatuuliza: kwa nini pale sokoni panaitwa Darajani na daraja lenyewe halipo? Na sisi tunaitwa watu wa Ng'ambo, ng'ambo ya nini?

Jibu ni maji. Zamani Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa karibu kisiwa kizima. Mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, ukazunguka nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, ilikuwa bahari. Yakitoka, lilibaki tope na harufu yake. Huko zilikuwako nyumba za mawe za matajiri. Huku vilikuwako vibanda vya miti, udongo na makuti. Kati yao ndipo lilipokuwa daraja.

Soko la watumwa lililokuwa Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Amri ya kuondoa utumwa kisheria ikatoka mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Hebu fikirini, akina mama: hata uhuru tuliupata kwa kuchelewa! Wengi walioachwa huru walitoka mashamba wakaja kukaa Ng'ambo. Bibi zetu walivuka daraja asubuhi kwenda kufua, kupika na kuuza vitu vidogo vidogo mjini, jioni wakarudi. Kaniki ya utumwa waliivua, wakavaa kanga.

Miongoni mwao alikuwamo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akichuuza vyungu. Sauti yake ilivuka daraja na bahari, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri.

Mwaka huohuo wa 1928 Ng'ambo ilikuwa na jambo lake jingine. Kibanda kilikuwa chako, lakini kiwanja si chako. Zamani wengi walikaa bila kutozwa. Mji ulipokua, wenye ardhi wakadai kodi ya kiwanja, na kodi ikawa inapanda. Basi watu wakasema hatulipi! Waligoma wanaume kwa wanawake. Mmoja peke yake angefukuzwa tu. Mtaa mzima ulikuwa kazi nyingine.

Na yale maji je? Yalifukiwa kidogo kidogo, na kipande cha mwisho kilimalizika katika miaka ya 1950. Juu yake ikapita barabara kubwa, Creek Road, ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Soko lililojengwa mwaka 1904 likabaki kando ya barabara badala ya kando ya maji. Mtu akaweza kuvuka bila daraja, lakini maisha ya pande mbili hayakuwa sawa kwa kufukia tope.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na ile kodi ya mwenye kiwanja ikaondoka. Kisha yakaja majumba marefu ya Michenzani. Wengi walipata mabomba na umeme ndani ya nyumba, na hilo tunalishukuru. Lakini vibanda vya zamani vilivunjwa ili majumba yapate nafasi, na majirani waliozoeana miaka mingi wakatawanyika. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Sisi wa Ng'ambo tumebaki na urithi wa vichwani, nao hupotea usiposimuliwa.

Kwa nini tunayaandika haya katika kijitabu cha fedha? Kwa sababu bibi zetu walikuwa na nguzo na makuti yao, lakini hawakuwa na karatasi. Walicheza upatu, walisaidiana harusi na misiba, lakini likija suala la kiwanja hawakuwa na cha kuonyesha. Sisi tuna daftari, tuna risiti, na kila mmoja jina lake limeandikwa. Basi mkopo ukinunua cherehani, friji au kiwanja, hati iandikwe jina la mwenye jasho. Ukiona haya kudai, kumbuka waliodai mwaka 1928.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuendelee kuweka, na tuwasimulie watoto kwamba pale Darajani palikuwa na daraja, na bibi zao walilivuka kila siku.